Habari Mbaya Inapofika Sebuleni: Niliyojifunza kwa Tamthilia za Mchana, Morogoro

Tamthilia iliyorushwa usiku hurudiwa mchana, na mchana ndipo inapokutana na wakosoaji wake wa kweli. Usiku watu wamechoka, watoto wanalilia katuni, baba anataka mpira. Mchana rimoti iko mikononi mwa wanawake: saluni, kwa mafundi cherehani, kwenye genge lenye televisheni ndogo juu ya friji ya soda. Mimi ni mwalimu wa fasihi hapa Morogoro. Kwa miaka mingi, nikitoka darasani napita saluni ya mdogo wangu pale Mji Mpya, mara kusuka, mara kukaa tu. Hapo nimetazama tamthilia za Kifilipino na za Kituruki, nimetazama za kwetu kama Huba na Jua Kali, na nimesikiliza watu wakizichambua huku vichwa vimeinama kwenye mikono ya wasusi. Walimu wenzangu huniambia kwamba uigizaji wa tamthilia hizi ni wa hovyo na hauna la kujadili. Mimi naona una uzuri wake na ubovu wake, na vyote viwili vina sababu zinazoelezeka.

1. Ukitaka kumjua mwigizaji, mtazame asipozungumza

Wengi tunapima uigizaji kwa yule anayesema. Wateja wa saluni wamenizoesha kumwangalia anayesikiliza. Mwigizaji dhaifu, mwenzake akiwa anasema, macho humganda mdomoni kwa mwenzake. Anangoja neno la mwisho ili naye aseme lake, na ukimtazama vizuri utaona hata midomo imeanza kujiandaa. Saluni wana namna yao ya kulisema hilo: "Huyu dada anasubiri zamu." Wanalisema bila hata kuinua kichwa, na hawakosei.

Nakumbuka tukio moja la tamthilia ya Kitanzania. Mama amekaa kwenye kigoda, ungo uko mapajani, anachambua mchele. Mwanawe wa kiume anamweleza kwamba ameshaoa kimyakimya, na mke ni mjamzito. Yule mama hakushtuka, hakushika kifua, hakuinua mikono juu. Vidole viliendelea na kazi. Vikatoa chuya, vikatoa nyingine, kisha vikaokota punje safi ya mchele vikaitupa chini, na mwenyewe hakuona kwamba ametupa mchele. Saluni nzima ilitoa sauti moja: "Eeh!" Mama mmoja, nywele zimesukwa upande mmoja na upande wa pili zimesimama, akasema, "Kaumia huyo. Hajui hata anachotupa."

Tangu hapo nimekuwa nikisema kwamba tamthilia ni sanaa ya watu kuambiwa mambo. Huyu anaambiwa mimba si yake, yule anaambiwa shamba limeuzwa, mwingine anaambiwa aliyemlea si baba yake. Filamu ya saa mbili ina safari, ina bunduki, ina magari ya kukimbizana. Tamthilia ya kila siku ina sebule, makochi na habari mbaya. Kazi kubwa ya mwigizaji wake, basi, ni kupokea habari. Anayejua kupokea anaibeba tamthilia yote hata kama maneno aliyopewa ni machache, na asiyejua hasaidiwi na hotuba ndefu.

2. Midomo yetu imetoka redioni

Watu hulalamika kwamba waigizaji wetu wanasema kila kitu. Mlango uko wazi, tunauona, na mwigizaji anatuambia, "Mbona mlango uko wazi?" Hili lina historia. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini huku bara tulikaa bila kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, vituo kama ITV vilipoanza. Kabla ya hapo mchezo wa kuigiza ulikuwa jukwaani au Radio Tanzania Dar es Salaam. Kizazi kizima kilikulia kwa mchezo wa redio wa Pwagu na Pwaguzi. Mwaka 1993 ukaja mchezo wa Twende na Wakati, wenye mafunzo ya uzazi wa mpango na kujikinga na Ukimwi, na dereva wake wa lori, Mkwaju, akawa mtu anayejadiliwa vijiweni kama jirani, na mkewe Tunu akaonewa huruma na watu wasiomjua sura. Waandaaji waliuzuia mchezo huo usirushwe eneo la Dodoma hadi mwaka 1995, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Waliousikia walionekana kubadilika. Mtu wa redio anabadilisha maisha ya watu kwa koo lake peke yake, na urithi wa namna hiyo hauachwi kwa siku moja.

Vikundi vilivyoingia televisheni, kama Kaole walioigiza ITV na kutulelea akina Steven Kanumba, Ray na Johari, vilizungumza na hadhira ambayo sikio lake lilikuwa limefunzwa kuliko jicho. Wamarekani nao walipita njia hiyohiyo. Tamthilia yao ya Guiding Light ilianza redioni mwaka 1937, ikahamia televisheni mwaka 1952 na kudumu hadi 2009. Kampuni za sabuni kama Procter & Gamble ndizo zilizolipia michezo ya mchana kwa sababu wasikilizaji walikuwa wanawake walio kazini majumbani, mikono ikiwa majini.

Mtazamaji wa mchana bado yuko kazini. Mdogo wangu anasuka rasta, macho yako kwenye nywele. Aliye chini ya draya anaona nusu. Fundi cherehani anainua uso pale tu sauti inapobadilika. Kwa hiyo siungani na wanaotaka maneno yote yapunguzwe ili tamthilia zifanane na filamu za majumba ya sinema. Mwigizaji bora wa mchana anahudumia sikio na jicho kwa pamoja. Sauti inampa msusi kisa, na uso unampa aliyekaa bure kile ambacho sauti imekificha. Wanaoweza hivyo wapo, ingawa si wengi.

3. Kiingereza kilipokosekana, uso ulitosha

Miaka ya 2000 ITV walionyesha tamthilia ya Kifilipino tuliyoijua kwa jina la The Promise. Kwao ilikuwa Pangako Sa 'Yo, kituo cha ABS-CBN kilianza kuirusha mwaka 2000. Ilitufikia ikiwa na sauti za Kiingereza, na wengi mtaani kwetu hawakuwa na Kiingereza cha kufuatilia ugomvi wa matajiri. Hata hivyo, nyumba yenye televisheni ilijaa majirani hadi barazani.

Shangazi yangu alikuwa ameshuka kutoka Mgeta kumuuguza ndugu hospitali ya mkoa. Alikaa mkekani akitazama bila kupepesa. Nikamuuliza, "Shangazi, unaelewa wanachosema?" Akanijibu, "Mwanangu, wa kuelewa nini hapo? Yule aliyerudi na pesa ana kisasi. Na yule bibi mwenye nyumba anamwogopa, ila hataki ijulikane." Alikuwa amekisema kisa kizima. Aliyerudi na pesa ni Amor Powers, mtumishi wa ndani aliyedhulumiwa akarudi tajiri, na aliyemwigiza ni Eula Valdez. Bibi mwenye nyumba ni Claudia Buenavista, aliyeigizwa na Jean Garcia. Eula Valdez alijua kutabasamu kwa mdomo huku macho yakibaki palepale. Jean Garcia alijua kuinua shingo kila hofu ilipompanda. Shangazi alivisoma vyote viwili bila neno la kumsaidia.

Baada ya hapo tamthilia nyingi za Afrika Mashariki ziliiga. Majumba yaliigwa haraka, na magari, na suti, na ngazi ya kushukia kwa madaha. Utulivu wa uso ulichelewa kufika, kwa kuwa haununuliwi wala haukodishwi kwa siku.

4. Waluguru wana shule yao ya kuigiza, nayo iko msibani

Hili ndilo fundisho lililonigusa kuliko yote, na halikutoka kwenye televisheni.

Kwetu Uluguru ukoo hufuata mama, na kila ukoo una koo zake za watani. James Christensen, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1963 kuhusu utani wa Waluguru, jinsi ulivyo na ruhusa pana na wajibu mzito kwa pamoja. Ukitaka kuuona, nenda msibani. Watani wanafika, wanadai fedha, wanazuia njia, wanasema yasiyosemeka, na mara nyingine wanamwigiza marehemu mwenyewe, akiwa bado hajazikwa au udongo ukiwa bado mbichi.

Nilikuwa kwenye msiba kijijini juu ya Matombo, kule kwenye mashamba ya viungo na migomba. Aliyefariki alikuwa mzee aliyeheshimika sana. Mtani wao, mama wa makamo, alitoka ndani amevaa koti la marehemu. Hakubadilisha sauti, hakukunja mgongo. Alisimama mlangoni, akapapasa mfuko wa kushoto wa koti, akapapasa wa kulia, akarudi kushoto, akatulia kidogo kama anayejiuliza, kisha akapeleka mkono kichwani na kuikuta miwani juu ya paji la uso. Ua mzima uliangua kicheko na kilio kwa wakati mmoja. Mjane alicheka hadi akashikwa asianguke. Kila aliyekuwepo alikuwa amemwona mzee yule akifanya hivyo maisha yake yote.

Linganisha na wazee wa kwenye tamthilia. Unga wa ngano nyweleni, mkongojo, mgongo uliopinda, sauti ya kutetemeka, kikohozi kila baada ya sentensi. Hizo zote ni dalili za uzee kwa jumla, na hakuna hata moja iliyo ya mzee fulani. Yule mama wa Matombo alichagua jambo moja, akalifanya hadi mwisho bila haraka, na mtu mzima akasimama mbele yetu. Sasa nikiona mwigizaji amejipaka dalili nyingi, najua hajamjua bado mtu anayemwigiza.

Ndiyo maana nilimpenda sana marehemu Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018. Watu humkumbuka kwa kuchekesha. Mimi namkumbuka kwa kuamini. Alichokitaka mhusika wake, iwe sahani ya wali au mchumba, alikitaka kwa dhati, na hakumwangalia mtazamaji kuona kama amecheka.

5. Machozi hayathibitishi kitu

Mabinti wanaojaribu kuigiza huniambia kwa fahari kwamba wanaweza kulia papo hapo. Wanaweza kweli. Lakini msibani huku kwetu anayetazamwa kwa uchungu zaidi ni yule anayegawa chai, anayehesabu vikombe, anayeuliza kama wageni wa Kilosa wamepata pa kulala, na kila mtu anajua kwamba aliyefiwa ni yeye. Kulia ni mwisho wa njia. Sehemu ya kuigizwa ni ile ya kujizuia, na kamera inaipenda.

6. Kisa kikiwa cha uongo, mwigizaji hana pa kujificha

Kila tamthilia inapofika kwenye kikao cha urithi, baba akigawa mashamba kwa wanawe, saluni kuna mtu wa Uluguru atakayeuliza, "Mjomba yuko wapi?" Kwetu, kaka wa mama anasikilizwa kwenye mambo ya ardhi ya ukoo, na kikao bila yeye ni kikao cha watu wasiojulikana wametoka wapi. Mwandishi anasahau kwamba nchi hii ina koo za namna nyingi, na mwigizaji aliyekaa kwenye kochi anaachiwa mzigo wa kutuaminisha. Hawezi. Ataigiza kwa nguvu zaidi, atapaza sauti, na tutasema uigizaji wake mbovu.

7. Siku moja lokesheni inajibu maswali mengi

Niliwahi kuitwa kuigiza mama jirani kwenye tamthilia moja iliyokuwa ikirekodiwa kwenye nyumba ya kukodi nje kidogo ya mji. Maneno yangu yalikuwa machache, kwa hiyo muda mwingi nilikaa nikiangalia watu wakifanya kazi.

Skripti ilifika asubuhi kwenye simu. Tulianza na tukio la msiba, kisha tukarekodi ugomvi uliotangulia msiba, kisha harusi. Hivyo ndivyo inavyofanyika duniani kote, maana nyumba ikikodiwa lazima itumike yote siku hiyohiyo. Mawingu yalishuka kutoka mlima wa Lupanga, mvua ikaanza kupiga bati, na mtu wa sauti akavua hedifoni. Tukangoja. Mvua ikapungua, jenereta ya jirani ikaanza. Tukangoja tena. Jua lilipoanza kuzama mwongozaji hakuwa tena na muda wa kurudia tukio hata mara moja. Likipita bila mtu kukosea neno, limepita.

Mwigizaji mkuu alikuwa binti mdogo mwenye kipaji. Alikaa kwenye korido juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, akisoma. Kila alipoitwa alimuuliza mwenye orodha ya matukio swali moja: "Kaka, hapa nimeshajua au bado?" Alitaka kujua kama, kwenye tukio hilo, mhusika wake ameshaambiwa kwamba mumewe ana mtoto nje. Ni swali sahihi kuliko yote ambayo mwigizaji wa tamthilia anaweza kuuliza, kwa sababu uso wa anayejua na uso wa asiyejua ni nyuso mbili tofauti. Mara nyingine alijibiwa. Mara nyingine jibu lilikuwa, "Igiza tu katikati," kwa kuwa tukio la kumwambia lilikuwa halijaandikwa bado.

Tamthilia ilipotoka, nilisikia watu wakisema binti yule uso wake haueleweki.

Tamthilia zinazorushwa siku nyingi kwa wiki zinakula kurasa kwa kasi inayotisha, popote pale. Isidingo ya Afrika Kusini, ambayo Watanzania tuliifuata ITV kwa miaka, ilidumu kutoka 1998 hadi 2020, na ilikuwa na studio za kudumu na waandishi waliotangulia mbele ya kamera. Hata huko mambo hayakuwa mepesi: Agosti 2014 wasanii 16 wa Generations, tamthilia nyingine ya huko, walifukuzwa baada ya mgomo uliohusu malipo na mikataba. Hapa kwetu Siri ya Mtungi, iliyorekodiwa Bagamoyo na kuanza kurushwa mwaka 2012, ilipata fedha za msaada wa Marekani kwa ajili ya elimu ya afya, na ukiitazama unaona muda umo ndani yake. Waigizaji wanatembea barazani kama watu wanaoishi pale. Mhusika wake Cheche, mpiga picha, ana kawaida zake, ana uchovu wake. Mtu akiniuliza kwa nini ile ilikuwa nzuri hivyo, namjibu kwanza kwa habari ya muda na mazoezi, ndipo nafika kwenye vipaji. Vipaji havijawahi kupungua nchi hii.

8. Mwenye sauti naye ni mwigizaji

Mwaka 2011 kituo cha TBC kilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa na sauti za Kiswahili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Baadaye kampuni ya StarTimes ikaanza mashindano ya kutafuta sauti za Kiswahili, kuanzia mwaka 2016, na Watanzania walioshinda wakaenda kufanya kazi hiyo Beijing. Ving'amuzi vikaongezeka, tamthilia za Kituruki nazo zikapata Kiswahili, na mabibi walioachwa nje na Kiingereza wakaingia ndani.

Baadhi ya wasomi wanaidharau kazi hii. Wanasema sauti na uso havikutani. Nami nimesikia zisizokutana: mtu analia na sauti inasoma. Lakini nimesikia pia binti wa Kitanzania akimpa mwanamke wa Kituruki pumzi. Mwanamke yule alikuwa amefungua mlango, amemkuta mumewe, na kabla ya kusema alivuta pumzi kupitia meno. Sauti yetu ilivuta pumzi ileile, kwa urefu uleule, na "Karibu" iliyofuata ilitoka imevunjika katikati. Kusikiliza uso wa mtu usiyemjua, wa nchi usiyoifika, na kuujibu kwa koo lako ndani ya kibanda kisicho na mtu mwingine ni uigizaji wa kiwango cha juu. Ningependa walimu wa sanaa waupe kipindi chake.

9. Msichana wa kazi hafanani na yule wa kwenye tamthilia

Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu ni watoto wetu. Wasichana wengi wa Mgeta, Matombo na Kinole wameshuka milimani kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam. Kwenye tamthilia wanarudi kwetu wakiwa vichekesho. Kitambaa kimekaa upande, mdomo uko wazi, wanaangusha vyombo, wanatamka Kiswahili kwa lafudhi ambayo haipo mkoa wowote. Nafasi hiyo hupewa yeyote aliye karibu, kwa kuwa inaaminika haihitaji kujua kuigiza.

Mteja mmoja wa saluni alifanya kazi hiyo Dar kabla ya kuolewa na kurudi Morogoro. Siku moja msichana wa kwenye televisheni alipoangusha sinia, wenzake wakacheka, yeye akasema taratibu, "Mimi siri zote za nyumba ile nilikuwa nazijua. Nilijua baba anarudi saa ngapi na anatoka wapi. Nilijua mama anapoficha hela. Nilijifunza kutembea nisisikike, na kuosha vyombo bila kuvigonganisha ili nisipitwe na neno. Huyo anayeangusha masinia alifanya kazi kwa nani?"

Nilirudi nyumbani nikiwa nayo maneno hayo. Ndani ya sebule ya tamthilia, mle ambamo kila mtu anaambiwa jambo, yuko mmoja anayesikia yote na haruhusiwi kuonyesha kwamba amesikia. Kwa mwigizaji hakuna nafasi tajiri kuliko hiyo. Amor Powers wa The Promise alianza akiwa mtumishi wa ndani, na Wafilipino waliona humo kisa cha kuendesha tamthilia nzima. Sisi tumempa sinia la kuangusha. Wazalishaji wetu wakimpa nafasi hiyo mwigizaji aliyefunzwa, na mwandishi akamwachia ukimya wake, nina hakika mabinti wengi wataacha kutazama makochi na kuanza kutazama mlango wa jikoni.

10. Walimu tunao, majina hatuyasomi

Mkoa huu hauna sababu ya kukosa uigizaji mzuri. Penina Muhando alizaliwa Berega, Kilosa. Amandina Lihamba naye ni mzaliwa wa Morogoro. Wote wawili walikuwa nguzo za sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakaandika tamthilia za jukwaani na kuipeleka sanaa hiyo vijijini, wanakijiji wakaigiza matatizo yao wenyewe na kuyajadili palepale. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kimekuwepo tangu 1981. Darasani kwangu natumia zoezi moja lililotokana na yote niliyoyaeleza hapa: wanafunzi wawili, mmoja analeta habari, mwingine ana kazi ya mikono, kukunja nguo au kumenya viazi, na haruhusiwi kusema neno. Mara ya kwanza wote hushika vifua. Nawaambia waendelee kumenya. Kufikia mwisho wa muhula kuna wawili watatu ambao darasa zima linainama mbele kuwatazama, na mara nyingi ni wale wasioongea sana hata wakati wa mapumziko.

Wanaponiuliza wamwige nani, nataka niwape majina, na hapo ndipo nakwama. Kwenye marudio ya mchana, tukio la mwisho likiisha tu, majina yanapita mbio kwa maandishi madogo, au tangazo linaingia juu yake. Majina ya waigizaji wakuu tunayapata kwenye magazeti na simu. Ya mama jirani, ya mzee wa kikao, ya msichana wa kazi, ya aliyempa Mturuki pumzi ya Kiswahili, hatuyapati popote. Nimewaomba mafundi wa kituo kimoja niliokutana nao wayaache yapite polepole, bila tangazo juu yake, hata kama ni marudio. Wakaniambia muda huo umeshauzwa. Naendelea kuomba, na nawaomba wanaotazama mchana waombe pamoja nami, kwa ujumbe wa simu, kwa barua, kwa kupiga wakati wa vipindi vya maoni: tuachieni majina yasomeke.